Radhi Uliyoniomba Uani

Mwanangu Salim,

Assalaam alaikum. Najua utacheka ukiona nilivyoanza. Ucheke tu, maana wiki hii nzima sijakusikia ukicheka. Ndiyo, ni mimi Nasra, binti yako. Lakini nikikuandikia kama binti yako sitafika mbali. Nitaandika "Baba, safari njema," halafu nitaona haya na kuiweka kalamu. Kwa hiyo leo nimekaa pahala pa yule niliyebeba jina lake, mama yako, Bi Nasra, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa, na ninamwandikia mwanangu anayesafiri kesho.

Magharibi imeshaadhiniwa na umetoka kwenda msikitini pamoja na ndugu yako, Ami Seif. Begi lako limefungwa. Habari za vidonge, sweta, simu na pasipoti sitazigusa. Mkeo ameshazisema zote, na nyingine amezirudia. (Nimeandika "mkeo". Nisamehe. Nikiandika "Mama" humu hutajua ninamkusudia nani, na mimi mwenyewe nimeshachanganyikiwa vya kutosha.)

Kwanza nataka tuhakikishe kwamba tunakumbuka jambo moja. Kwetu, mtoto akipewa jina la bibi yake, baba yake humwita mama. Nyumba nyingi hapa Kikwajuni zina mchezo huo, na aghlabu huishia kwenye salamu. Wewe uliukuza. Kila asubuhi ulinipa shikamoo mimi, mtoto nisiyejua hata kuvaa viatu, nami nikakuitikia marahaba kwa sauti nene, na mkeo akasema kutoka jikoni, "Haya, mharibu." Mpaka leo akinikuta nimejilaza mchana huniuliza, "Mama mkwe, vyombo unamwachia nani?"

Na kila siku kabla hujakwenda kazini ulisimama mlangoni na sanduku lako la chanjo za kuku, ukasema, "Mama, nnakwenda. Nipe radhi." Nami nikasema, "Radhi zangu unazo, mwanangu." Ndipo ulipofungua mlango. Siku moja nilikuwa nimelala na homa, ukafika barabarani ukarudi kuja kuniamsha, kwa sababu ulitoka bila radhi. Nilidhani ni mchezo. Mpaka juzi nilidhani ni mchezo.

Juzi ulinikuta uani nikianua nguo. Hukuwa na sanduku wala huendi popote. Ulishika kamba ya nguo ili mkono utulie, kamba yote ikaanza kutikisika na kanga zake. Ukasema kwa hiyo sauti yako mpya ya chini, "Nasra, mara hii nnataka kweli. Mama'ngu angekuwa hai ningekwenda kumpigia magoti. Sina mwengine. Nipe radhi nikapasuliwe."

Nikachukua kapu la nguo nikaingia ndani.

Sikusema ndiyo wala sikusema hapana, nawe hukuniuliza tena. Leo asubuhi ulipokuwa unatoka kwenda kunyolewa ulisimama mlangoni kidogo, ukaangalia viatu vyako, ukatoka. Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi nikisubiri uniite. Hukuniita. Nadhani uliona aibu kuomba kitu ulichonyimwa. Nataka ujue kwa nini nilinyamaza, ila mimi mwenyewe sijui vizuri. Nitajaribu kueleza, na nikipotea njiani unisubiri.

Mkono wako niliuona mara ya kwanza Kendwa, kwa Bi Mize, yule anayeuza mayai mahotelini. Ilikuwa likizo ya shule nikaomba tufuatane. Kazi yangu kushika kuku, kazi yako kutia chanjo. Tone moja, jicho moja, unangoja kuku apepese, unamwachia. Ulikuwa umeniambia kuwa mdondo, yale maradhi ya kuku, ukiingia bandani unaweza kukuta kuku wamelala wote, na kinachomkinga kuku ni lile tone. Basi tone la kwanza likaanguka kwenye mdomo wa kuku. La pili likaanguka kwenye kiganja changu. Bi Mize alikuwa amekaa juu ya kibao chake cha mbuzi akikuna nazi. Akasema, "Bwana Salim, kuku wangu humchanji, unamnawisha uso."

"Anakwenda harusini," ulimjibu. "Hawezi kwenda na tongotongo."

Wanawake waliokuwapo wakacheka, ukacheka nao, halafu ukanipa mimi kile kichupa kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Mkono wangu ulitulia kwa woga tu, niliogopa kukutia aibu. Bi Mize akasema mkono wa binti una baraka. Nilifurahi sana siku ile, na furaha ile mpaka leo sijui niiweke wapi.

Njiani tukirudi uliukalia mkono wako wa kulia. Nilidhani una njaa. Hapo ndipo nilipoanza kukuongezea sukari kwenye chai. Kwa muda mrefu nilikuwa nakutibu kwa sukari bila kumwambia mtu, na wewe uliinywa chai tamu kama halua bila kuuliza. Baadaye nikaona hukai tena barazani na wenzako kunywa kahawa. Mkeo akasema umechoka. Nilijua si uchovu. Nilikuona siku ya mwisho uliyokaa, yule muuza kahawa alipokutilia nusu kikombe na wenzako wote wakajaziwa. Hakuwa na ubaya. Uliinywa nusu yako, ukamshukuru, ukaingia ndani, na hukutoka tena jioni.

Daktari aliyaita maradhi hayo Pakinsoni. Vidonge vikasaidia, kisha vikasaidia kidogo, kisha navyo vikaleta mambo yao, ukawa unajinyonganyonga hata umekaa. Hayo yote unayajua kuliko mimi. Nayasema ili ujue kwamba niliyaona. Katika nyumba yetu tunaona sana na kusema kidogo, na mimi ndiye hodari wa kunyamaza kuliko wote.

Sasa nataka kukukumbusha habari ya mtungi, maana ndiyo iliyonikalia kichwani leo.

Mlitaka kujua ofisini chanjo inakaa hai muda gani bila ya barafu, kwa sababu mashamba mengi hayana friji, na barafu ya mjini ikifika huko imeshakuwa maji. Ukaleta vichupa nyumbani. Vingine ukavitia ndani ya friji nyuma ya maziwa, mkeo akanung'unika. Vingine ukavifunga kwa kitambaa kibichi ukavitia ndani ya mtungi mtupu chini ya dirisha la jikoni. Ukatuambia tukirowanishe kitambaa, basi, jengine tusiguse. Kila baada ya muda ulichukua kimoja ukenda kukipima.

Nilikuuliza utakijuaje kichupa kilichokufa. Ukaniambia kwa macho hutakijua. Rangi ni ile ile, tone ni lile lile, kuku hupepesa vile vile. Utajua baadaye, maradhi yakija.

Neno lile lilinitisha. Zikaja siku za joto kali, mabati ya jirani yanalia kwa jua, nami nikawa nikirudi shule naviangalia vile vichupa ndani ya mtungi, naviona kama vinakata roho. Nikavitoa. Mchana vilikaa ndani ya friji, na kabla hujarudi nikavirudisha mtungini. Nilifanya hivyo mpaka siku ile uliyotuambia wakati wa kula, umefurahi, kwamba vichupa vya mtungini vinastahimili kuliko mlivyotarajia. Nikafurahi mimi pia. Nikakwambia, nikidhani utanisifu, kwamba nilivisaidia.

Uliacha kutafuna. Hukunipiga wala hukupaza sauti. Ulisema, "Mama, umevionea huruma. Sasa hatujui kitu."

Kesho yake ukenda ofisini ukawaambia yaliyopimwa nyumbani kwetu yatupwe, muanze upya. Nilisikia kutoka kwa mkeo kwamba walikutania sana. Mimi hukuniambia.

Basi weka hilo hapo, nije kwa daktari.

Siku ile tuliyokwenda sote kumsikiliza yule daktari mgeni, nilikaa pembeni na nilikusudia nisiseme neno. Alikuwa mpole. Akachora kichwa kwenye karatasi. Akasema watatoboa tundu dogo kwenye fuvu, watashusha waya mwembamba mpaka ndani kabisa, na waya utaunganishwa na betri itakayolala chini ya ngozi karibu na mtulinga. Umeme kidogo utapita, na mtetemeko, Mungu akipenda, utapungua. Akasema maradhi yenyewe hayataondoka. Akasema huenda utakuwa macho wakati wanashusha waya, watakwambia uhesabu, uchore duara, uinue mkono, ili wajue wamefika pahala penyewe. Nawe ukatikisa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda Bububu.

Mimi sikuelewa, na bado sielewi. Alisema ubongo wenyewe hausikii maumivu. Vipi kitu kinachotujulisha pameuma wapi, chenyewe hakiumwi? Shuleni niliuchora ubongo nikaupaka rangi, mwalimu akauonesha darasani. Nimemaliza shule na mchoro ule haujanisaidia kitu. Daktari akasema mengine hata wao hawayajui sawasawa, wanajua wapi panasaidia kuliko wanavyojua kwa nini panasaidia. Ndipo akaomba, ukikubali, waandike yale ambayo waya utayapokea kutoka kichwani mwako, yawafae wagonjwa wengine na wanaotafiti.

Ukamwambia, "Kuku nimewatoa damu ya kupima chini ya bawa miaka yote, hata mmoja sijamuuliza kama anaridhia. Mimi nnaulizwa. Basi nshawapita kuku."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa nataka kulia. Nikauliza swali langu moja, nikiiangalia meza. Nikasema, "Atarudi yeye yule?"

Daktari akavaa tena miwani yake. Akasema wengi hurudi wao wale. Wengine hubadilika kidogo, sauti, au hasira, au moyo unakuwa mzito, na mara nyingi madaktari hurekebisha umeme mpaka mambo yakae sawa. Akasema, "Lakini siwezi kukuapia."

Nilitaka aape. Wewe ulimpenda kwa sababu hakuapa. Ulisema njiani kwamba mtu anayejua mwisho wa anachokijua ndiye wa kumpa kichwa chako. Sijui kama ni kweli. Mimi ningempa kichwa mtu anayejua kila kitu, lakini labda mtu huyo hayupo.

Halafu kulikuwa na lile swali lake la mwisho. Alikuuliza wewe mwenyewe unataka nini kutokana na upasuaji huu. Nilidhani utasema unataka kupona, au kunywa kahawa, au kusali bila kuyumba. Ukasema, "Nnataka kumtia kuku tone moja jichoni, lisianguke." Naye akaliandika hivyo hivyo.

Tulipofika nyumbani Shangazi Rukia, dada yako, alikuwa ameshafika kutoka Jang'ombe na kombe lake. Sahani ile ya aya zilizoandikwa kwa zafarani aliiosha kwa maji ya marashi mbele yetu, ukayanywa yote, ukamwambia, "Kombe silikatai, na waya siukatai. Mponyaji ni Mola, mimi nnakusanya sababu." Shangazi akaichukua sahani yake. Lakini baadaye alinivuta chumbani akafunga mlango.

Hili hulijui, na simsemi kwa ubaya. Alinishika mikono akaniambia, "Wewe ndiye jina la mama yetu. Salim akikosa radhi yako hendi, nnamjua tangu anatambaa. Sikwambii ukatae. Funga mdomo wako tu, tubakie naye." Alikuwa analia. Nilikuwa sijawahi kumwona Shangazi akilia, hata kwenye matanga yeye ndiye anayewanyamazisha watu. Yeye ndiye aliyekulea, mama yenu alipokuwa maradhini, alisema, na hawezi kukaa Jang'ombe akajua kwamba nchi ya mbali kuna mtu anatia waya ndani ya kichwa alichokuwa akikiosha yeye.

Kisha jana mkeo, tukiwa tunachambua mchele, akanambia bila kunitazama kwamba usiku huwezi tena kujigeuza kitandani, humgusa begani naye akakugeuza. "Simwambii mtu," alisema. "Nnakwambia wewe kwa sababu ni mama mkwe wangu." Tukacheka kidogo. Halafu akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Sasa nani nimsikilize? Wote wawili wanakutaka. Nikikupa radhi na ukaharibikiwa, mimi ndiye niliyefungua mlango. Nikikunyima ukabaki, kila kikombe kitakachokuponyoka kitakuwa changu. Tena wewe ni mtu mzima, mfanyakazi, una mke, na unangojea neno la msichana ambaye akiitwa na mgeni hujibu "naam" ndani ya kanga. Nilikasirika kidogo, nakwambia kweli. Nilisema moyoni, mchezo umeuanzisha wewe, kwa nini niumalize mimi?

Leo alasiri, ulipokuwa umelala, nikenda jikoni kurowanisha kitambaa cha mtungi, maana kuna vichupa vipya vya kupimwa ndani. Joto lilikuwa kali. Kitambaa kimekauka kikawa kigumu kama karatasi. Nilivishika vile vichupa, na mkono wangu ukavipeleka wenyewe kwenye friji. Mlango nilikuwa nimeshaufungua. Nikasimama pale, baridi inanipiga miguuni, nikakusikia ukisema sasa hatujui kitu.

Nikavirudisha.

Na hapo nikaona kwamba wewe pia nilikuwa nataka kukutia ndani ya friji. Nyuma ya maziwa, usibadilike. Utetemeke, lakini uwe yule ninayemjua. Jambo hilo nililiita huruma.

Sijui kama nimesema sawa. Huenda nachanganya vichupa na watu. Kichupa hakiombi radhi, wala hakirudi ndani ya nyumba na sauti nyengine. Ukirudi umekuwa mkali, nitafanya nini? Ukirudi hunipi shikamoo? Nimekaa hapa nikitafuta jibu ambalo mama yako angekuwa nalo, na sijalipata. Labda yeye pia hakuwa nalo. Labda kila ulipokuwa unamwomba radhi ili uende mahali, alikuwa anaogopa na anatoa. Hilo sikuwahi kulifikiria, kwamba yule anayetoa radhi hajui safari itakuwaje. Mimi nilidhani anajua. Nilidhani ndiyo maana anaombwa.

Basi, mwanangu, sikiliza. Radhi zangu unazo. Unazo za mimi mtoto niliyekuwa nikikuitikia marahaba, na kama ninayo haki ya kumsemea aliyenipa jina, unazo na zake. Nenda wakutoboe. Ukiambiwa hesabu, hesabu. Ukikubali waandike ya kichwani mwako, waandike. Ukirudi yule yule, alhamdulillahi. Ukirudi mwengine kidogo, utabisha hodi, nitakuambia karibu, na tutajuana taratibu.

Barua hii naiweka juu ya mswala wako, ili uisome ukirudi kutoka msikitini. Lakini haitoshi, nami najua. Kesho pale mlangoni watakuwepo watu, Ami Seif na begi, majirani, na Shangazi Rukia atakuwa mbele kabisa. Mbele za watu sauti yangu hupotea, unanijua. Niombe hivyo hivyo. Niombe kwa sauti, Shangazi asikie, na usifungue mlango mpaka nijibu. Nikichelewa, ningoje. Shangazi nitakaa naye mimi baada ya gari kuondoka.

Jumamosi nakwenda Kendwa na sanduku lako. Bi Mize amesharidhia, amesema tu nisimletee kuku wake nyuso zilizonawishwa. Yule mtetea wake mweusi ameatamia. Nimemwambia Bi Mize kwamba vifaranga hao, wakifika wakati wa kuchanjwa, wana mtu wao. Ukirudi mkono umetulia, utawatia wewe. Ukirudi bado unatetemeka, Baba, utawatia wewe vile vile, na tone likianguka tutatia jengine.

Mimi nitashika kuku.

Mama yako,
Nasra